Daktari wa manowari aliyefunga siku 19: uchambuzi wa kisa cha Otto Buchinger

Kwanini kisa hiki

Kuna mzee mmoja, jina na mtaa naviacha, magoti yanamsumbua miaka na miaka na juu yake ana sukari ambayo anatumia vidonge. Mjukuu wake akamuonyesha klipu kwenye simu, kwamba zamani kuna daktari wa Kijerumani alikuwa hajiwezi kwa viungo, akafunga kula siku 19, akanyanyuka mzima. Mzee akapiga hesabu zake kimyakimya, akaanza kufunga kwa maji matupu, hakumwambia mtu, na vidonge vya sukari akaendelea kumeza kama kawaida maana klipu haikusema habari ya vidonge. Alfajiri ya siku ya tatu mkewe kamkuta kitandani amelowa jasho chapachapa, anaongea maneno hayaeleweki. Walipomfikisha zahanati kipimo cha sukari kikasoma 2.1, yaani imeshuka kupita kiasi. Kwa anayejua sukari hiyo namba inatosha, mtu hapo anaweza kuzima.

Nilipoenda kumsalimia, kaitikia marahaba, halafu kabla sijakaa vizuri akaniambia, "Mwanangu, Mjerumani kafunga siku 19 kapona, mimi tatu tu zimenishinda."

Ile kauli imenikaa. Kwa sababu hadithi ya huyo Mjerumani ni ya kweli, tena mimi ni mmoja wa wanaomheshimu, lakini ilivyomfikia mzee ilikuwa imenyofolewa nyama yote umebaki mfupa mmoja tu, njaa. Kwahiyo nimekaa nimeipanga upya toka mwanzo, ilivyoanza, nani aliamua nini na kwa nini, na wapi iliishia.

Kawaida kwenye uchambuzi wa kisa mgonjwa hatajwi. Hapa mgonjwa mkuu namtaja kwa sababu maisha yake aliyaandika mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1955, kwenye kitabu kinachoeleza alivyotoka kuwa daktari wa majini akawa daktari wa mifungo. Wengine wote nimewaondolea alama.

Historia ya nyuma

Otto Buchinger kazaliwa Darmstadt tarehe 16 Februari 1878. Kasomea udaktari chuo kikuu kama madaktari wengine wote wa Ujerumani ya wakati ule, kisha akaingia jeshi la majini la Kaiser, mfalme wa Ujerumani, kama daktari. Hili watu wanaliruka sana. Wanamsimulia kama mganga fulani aliyeota ndoto, wakati alikuwa daktari wa hospitali, wa manowari, ameshika kisu na ameandika dawa miaka mingi kabla hajawaza habari ya kufunga.

Kitu kimoja kilimtofautisha na maafisa wenzake, pombe hakugusa na alikuwa anahimiza wenzake waache. Ndani ya jeshi la majini la enzi zile hiyo sio msimamo mdogo. Na kiimani baadaye akawa Mquaker, wale ambao kwa ndugu zetu wa magharibi ya Kenya wanajulikana kama Marafiki, ila hao wa kwake walikuwa wanakaa kimya kwenye ibada wanasubiri. Nalitaja kwa sababu ule ukimya utauona tena kwenye namna alivyopanga matibabu.

Pembeni ya hospitali, Ujerumani ilikuwa na harakati kubwa ya tiba asili tangu karne ya 19. Padri Sebastian Kneipp kule Wörishofen alikuwa anatibu watu kwa maji, Dokta Heinrich Lahmann alikuwa na sanatoriamu yake Dresden, na wapo madaktari wachache waliokuwa wanafungisha wagonjwa. Madaktari wengi wa vyuo vikuu waliwaangalia hao kwa jicho la pembeni. Buchinger alikuwa upande wa vyuo vikuu.

Kilichotokea

Mwaka 1917, vita ya kwanza ya dunia ikiwa imepamba moto, akapata mafindofindo makali. Usaha kooni. Kwa sasa hivi hiyo ni safari moja ya duka la dawa, lakini penisilini Fleming kaja kuigundua 1928, na hospitalini imeingia miaka ya 40. Maambukizi yakashuka, viungo vikavimba kimoja baada ya kingine, ikawa baridi yabisi ya mwili mzima. Dawa waliyokuwa nayo zaidi ni za jamii ya aspirini, na mabafu ya maji ya moto, na kulala. Kotizoni, ile dawa ya stiroidi ya kushusha uvimbe, haikuwepo, ilianza kutumika kwa baridi yabisi mwaka 1948.

Mwaka 1918 jeshi likamstaafisha kwa ugonjwa. Ana miaka 40. Nchi imeshindwa vita, Kaiser kakimbia, jeshi lenyewe la majini linavunjika, na yeye ana familia ya kulisha na viungo havikunji. Na hapa naomba msomaji asipite haraka, mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye vidole, kupapasa tumbo la mgonjwa, kufunga jeraha, kuandika, halafu vidole vyenyewe ndo hivyo vinamkatalia, na kila dawa aliyosomea ameshaijaribu kwenye mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1919 akaenda Freiburg kwa daktari mmoja anaitwa Gustav Riedlin, ambaye alikuwa anatibu kwa kufungisha. Akafunga siku 19 chini ya macho ya Riedlin. Baadaye alisimulia kwamba alitoka pale amedhoofu, amekonda, ila viungo vyote vinakunja na kukunjuka kama vya kuruta mzima wa afya. Alisema wazi kwamba tiba ile iliokoa maisha yake na riziki yake.

Mwaka uliofuata, 1920, akafungua nyumba yake ndogo ya wagonjwa Witzenhausen, mji mdogo wa Hessen kando ya mto Werra, unaojulikana kwa mashamba ya cheri. (Mji huohuo ndo ulikuwa na ile Shule ya Kikoloni iliyoanzishwa 1898 kuandaa vijana wa Kijerumani waende makoloni, pamoja na huku kwetu Afrika Mashariki. Mji mdogo ila umetugusa.) Mwaka 1935 akahamia Bad Pyrmont, sehemu ya chemchemi za tiba, akafungua kubwa zaidi, na mwaka huohuo akatoa kitabu chake kikuu kuhusu mfungo wa tiba. 1953 binti yake Maria na mumewe Helmut Wilhelmi wakafungua naye kliniki Überlingen, juu ya ziwa Konstanz. Kafariki hukohuko Überlingen 16 Aprili 1966, ana miaka 88.

Maamuzi, na kwa nini aliyafanya

Uamuzi wa kwanza ni kwenda kwa Riedlin. Daktari wa jeshi kujipeleka kwa mtu wa tiba asili, hapo unaweka heshima yako mezani. Lakini angalia kaenda kwa nani, kaenda kwa daktari mwenzake. Hakujifungia chumbani na jagi la maji. Yaani mtu aliyesomea mwili wa binadamu, anayejua moyo na figo vinavyofanya kazi, alipoamua kufunga alitafuta mtu mwingine wa kumuangalia. Hili ndo nililomsomea mzee mara ya kwanza, na akanyamaza kidogo.

Uamuzi wa pili ni kuanza kidogo. Nyumba moja, wagonjwa wachache, yeye mwenyewe kapita nyumba nzima kila siku. Alikuwa na ushahidi wa mgonjwa mmoja tu, yeye, na alijua haitoshi kufungisha watu mamia. Kwa hiyo miaka kumi na tano ya Witzenhausen alikuwa anaangalia nani anafungika, nani hafungiki, nani azuiwe, ndo akaandika kitabu. Miaka kumi na tano. Siku hizi mtu anafunga wiki moja anafungua chaneli.

Uamuzi wa tatu ndo mkubwa kuliko yote kwangu, kuacha mfungo wa maji matupu. Ile ya Riedlin mwenyewe Buchinger aliikumbuka kama tiba ya nguvu, ngumu. Alipopanga ya kwake kaweka supu ya mboga, juisi ya matunda kidogo, asali, chai za majani. Alitaka mgonjwa apite kwenye njaa bila kuvunjika.

Nyumba yenyewe ilivyokuwa inaenda

Hapa nataka nikae, kwa sababu klipu zote zinaruka hapa.

Mgonjwa hafungi siku anayofika. Kwanza anapimwa, halafu siku ya maandalizi anakula chepesi, matunda tu au wali mtupu. Siku ya kwanza ya mfungo anapewa chumvi ya kuharisha iliyoyeyushwa kwenye maji, ni jamaa wa haluli yetu ila chumvi tofauti, tumbo linasafishwa lote. Hii sio mapambo. Tumbo likishakuwa tupu ile njaa ya kukwangua inapungua sana, waliopita humo wanasema siku ya kwanza na ya pili ndo ngumu halafu inatulia. Na kuna sababu ya mwili, ini lina akiba yake ya sukari ambayo inaisha kwenye siku moja hivi, baada ya hapo mwili unahamia kuchoma mafuta na ini linaanza kutengeneza ketoni ambazo ubongo unaweza kuzitumia.

Mchana glasi ya juisi, au supu. Jioni supu. Supu yenyewe ni maji ya mboga zilizochemshwa, yamechujwa, hamna kipande ndani, kama robo lita, na mgonjwa anafundishwa anywe kwa kijiko, taratibu, kila kijiko kikae mdomoni kwanza kama anatafuna. Ukijumlisha supu, juisi na kijiko cha asali siku nzima ni kama kalori 250. Vinywaji lita mbili na zaidi. Kila baada ya siku moja, enema, yaani kusafisha utumbo kwa maji yanayoingizwa kwa nyuma.

Baada ya mchana kila mtu analala, na tumboni upande wa kulia juu ya ini anawekewa taulo lenye unyevu, juu yake chupa ya maji ya moto, juu yake kitambaa kikavu. Nusu saa au zaidi. Ukiniuliza kama lile taulo linatibu ini, siwezi kukuambia linatibu. Lakini fikiria mtu hajala siku ya sita, anahisi baridi, ana hofu, anakuja muuguzi anamfunika kwa upole anamuacha alale. Hicho nacho ni kitu.

Halafu matembezi ya kila siku, muziki, kusoma, ukimya. Buchinger alikuwa anasema mfungo bila chakula cha roho haujakamilika.

Na mwisho, kufungua. Mfungo unafunguliwa kwa tufaha moja. Mgonjwa analishika, analitafuna polepole, jioni anapata supu ya viazi, kesho kidogo zaidi, na siku za kurudi kwenye chakula zinahesabika kama sehemu ya tiba, karibu robo ya siku alizofunga. Hapa ndo kuna kifo kwa asiyejua, mtu aliyekaa muda mrefu bila kula akirudi na sahani ya ubwabwa, madini ya damuni hasa fosfeti yanaweza kuporomoka ghafla na moyo ukasimama. Kwahiyo lile tufaha sio ushairi.

Matokeo

Kwa mgonjwa mwenyewe, aliishi miaka 47 baada ya mfungo wa 1919, na nyingi ya miaka hiyo akifanya kazi.

Kwa kazi yake, njia yake hadi leo inatumika Ujerumani, na kliniki ya familia ikafungua tawi Marbella, Hispania, mwaka 1973. Sayansi imekuja nyuma polepole. Oslo, kule Norwe, mwaka 1991, watafiti waliandika kwenye jarida la The Lancet kuhusu wagonjwa 27 wa baridi yabisi waliofunga siku 7 hadi 10 halafu wakala chakula cha mimea kilichopangwa kwa kila mmoja, wakawalinganisha na wengine 26 waliokula kawaida. Waliofunga walipata nafuu, na mwaka mmoja baadaye nafuu bado ilikuwepo. Mwaka 2019 Überlingen wakatoa takwimu za watu 1,422 waliofunga siku 4 hadi 21, wenye madhara hawakufika asilimia 1, ila huo ni utafiti wa kliniki kujiangalia yenyewe, hamna kundi la kulinganisha, na watu wenyewe ni waliochaguliwa na walikuwa chini ya daktari muda wote.

Uchambuzi: kipi kilifanya kazi, kipi kilikwama

Kwanza tuwe wakweli kuhusu ugonjwa wenyewe. Baridi yabisi inayoanza baada ya mafindofindo ina aina zake, na zipo zinazoondoka zenyewe baada ya miezi au mwaka na zaidi. Mwaka 1917 hamna kipimo cha damu cha kutofautisha. Inawezekana Buchinger alikuwa na ile inayokaa maisha, inawezekana alikuwa na ile inayopita na mfungo ukamkuta mlangoni inatoka. Mgonjwa mmoja hawezi kulijibu hilo swali, hata akiwa daktari, hata akiwa mkweli kiasi gani. Mimi naamini njaa ilimsaidia kweli, kwa sababu ya yale ya Oslo na kwa sababu uvimbe wa viungo hupungua mtu akifunga, hilo limeonekana mara nyingi. Lakini limeonekana pia kwamba mtu akirudi kwenye chakula chake cha zamani maumivu mara nyingi yanarudi naye. Ndo maana wale wa Oslo hawakuishia kwenye mfungo, walibadilisha chakula mwaka mzima, na mimi kila nikiisoma ile kazi naona chakula cha baadaye ndo kilichoshikilia nafuu, mfungo ulifungua mlango tu.

Kilichofanya kazi hasa kwa macho yangu ni ile nyumba. Daktari anayepita kila siku, kupimwa kabla, supu, kulala, kufungua kwa hatua. Ukitoa hivyo unabaki na njaa, na njaa peke yake sisi tunaijua, haijawahi kuponya magoti ya mtu.

Kilichokwama ni maelezo. Watu wa tiba asili wa wakati ule, na yeye akiwemo, waliamini mwili una takataka zinazojikusanya na mfungo unazifagia. Hakuna aliyewahi kuzionyesha hizo takataka. Mbaya zaidi kulikuwa na imani kwamba mgonjwa akizidiwa katikati ya mfungo ni dalili njema, uchafu unatoka. Kwenye nyumba yenye daktari hiyo imani haikuua kwa sababu daktari alikuwa anaona. Ikitoka nje ya nyumba ikaingia kwenye simu ya mtu, inakuwa hatari kabisa, maana jasho la sukari kushuka nalo litaitwa sumu inatoka. Mke wa mzee wetu aliniambia aliambiwa hivyohivyo na jirani asubuhi ile, kwamba amuache, mwili unajisafisha. Namshukuru Mungu hakusikiliza.

Kitu kingine, hiki cha kwetu. Wengi wanachanganya mfungo wa Buchinger na Ramadhani au Kwaresima. Mfungo wa Ramadhani ni mkavu toka alfajiri hadi magharibi halafu usiku mtu anafuturu na kula daku. Wa Buchinger mtu anakunywa kutwa nzima na hatafuni chochote siku nyingi mfululizo. Mwili unapita njia tofauti, na dawa zinakaa tofauti. Mtu kusema "mbona Ramadhani nafunga vizuri" haimpi ruhusa kwenye huu mwingine.

Na wapo ambao nyumba zenyewe za mifungo haziwapokei au zinawapokea kwa uangalizi mkali sana: mjamzito, anayenyonyesha, aliyekonda kupita kiasi, mwenye historia ya kukataa kula, mwenye figo au ini lililochoka, mwenye sukari ya kuchoma insulini tangu utotoni. Anayetumia vidonge vya sukari, vya presha, vya kukojoza, vya kuyeyusha damu, dozi inabadilishwa na daktari kabla hajaacha tonge la kwanza. Anayetumia stiroidi asikatishe ghafla hata siku moja.

Mzee wetu

Nilimsimulia haya yote kwa siku mbili, maana alitaka kujua kila kitu, mpaka ile supu inachujwa na nini. Alipofika kwenye tufaha akacheka, akasema tufaha moja baada ya siku 19 lazima lilikuwa tamu.

Kliniki wamembadilishia vidonge. Daktari wa pale amemwambia mfungo mrefu kwa hali yake hapana, ila wamekubaliana mambo matatu, chakula cha usiku kiwe mapema na chepesi, soda iishe nyumbani, na nyama nyekundu ishuke hadi mara moja kwa wiki, mboga na kunde zishike nafasi. Mkewe ndo anapika kwahiyo mkewe ndo amefundishwa. Kilo zimeshuka nne. Goti la kushoto bado linamsumbua asubuhi, la kulia anasema limelegea, anaweza kukaa chini msikitini na kunyanyuka bila kushika nguzo. Kipima sukari kipo juu ya kabati la vyombo, na daftari la mjukuu pembeni yake, mjukuu yuleyule wa klipu, anaandika namba kila alfajiri kabla ya kwenda shule.